Gari Nililoliacha Kwenye Gia

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na umenikumbusha wewe mwenyewe asubuhi ya leo, ulipozima gari lako pale uani, ukashuka, ukaja kunisalimia bila hata kugeuka kulitazama. Sikulaumu. Nami nilishuka hivyo hivyo nilipokuwa na umri kama wako. Tofauti ni kwamba mama yangu alikuwa amebaki ndani.

Wakati huo Mwingereza ndiye aliyetawala, na Tunduma haikuwa na msururu wa malori unaouona leo. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda na suruali mbili nzuri na tabia ya kudai ushahidi wa kila jambo. Mtu akisema mvua imefungwa, nilimuuliza imefungwa na nani, kwa kamba gani. Kanisani nilimuuliza mchungaji maswali mpaka mama akaanza kukaa benchi la mbali nami, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika na alihitaji mtu wa kumshika mkono. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni. Sura hakuziona tena, aliona vivuli tu.

Udereva nilifundishwa na baba mkubwa, kaka yake baba, aliyeendesha lori la kubeba chumvi ya Ivuna na kahawa ya Iyula. Lori lile lilikuwa na gia ngumu kama kukama ng'ombe mkorofi, na breki yake ya mkono ilikuwa pambo. Ukitaka kusimama mlimani, ulizima injini, ukaacha gia ya kwanza ndani, ukashuka. Gia ndiyo iliyolishika lori. Nililifanya jambo hilo mara nyingi mpaka likawa kama kufunga mlango nyuma yangu. Mkono wangu ulilifanya wenyewe, bila kuniuliza.

Basi Mzungu niliyemfanyia ukarani, mnunuzi wa kahawa, akanunua gari la Kimarekani kutoka kwa mwenzake wa migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Lilikuwa refu, la rangi ya majivu, na halikuwa na klachi. Chini palikuwa na pedali mbili tu. Ulisogeza kijiti kilichokuwa ubavuni mwa usukani, ukakanyaga mafuta, nalo likabadilisha gia lenyewe huko ndani, usijue lini wala vipi. Watu wa Tunduma walilizunguka siku nzima. Wazee wawili hawakukubali kulisogelea. Mimi nililiendesha kuzunguka soko mara tatu, nikaona kwamba nimelielewa.

Mzungu alinituma nimpelekee barua Mbeya, akaniruhusu nimchukue mama akaonwe na daktari wa macho. Baba mkubwa alikuja kutuaga. Alichungulia ndani, akatazama pedali, akatazama uso wangu.

"Msomi, gia ziko wapi?"

"Halina gia za kubadilisha, baba mkubwa. Linajiamulia."

"Linajiamulia. Na wewe umekaa hapo kufanya nini?"

"Ninaliongoza."

"Aha. Kama mwenyekiti." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ukilizima pale juu, nani atalishika?"

"Gia italishika, kama kawaida."

"Gia ipi? Sasa hivi umeniambia halina gia."

Nilifanya wanachofanya wasomi wasio na jibu, mwanangu: nilitabasamu. Nilimwambia magari haya yametengenezwa na wahandisi, wamekwisha kufikiria yote. Baba mkubwa akafunga mlango wa mama taratibu, kwa mikono miwili, akaenda zake.

Tulipita Vwawa, tukapita Mlowo. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ya Mbozi unaijua, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mibuni kiasi kwamba saa tatu asubuhi nilikuwa bado nimewasha taa. Gari lilikwenda bila kelele. Ndani ya lori nilizoea kusikia kila kitu kikilalamika. Humu nilisikia pumzi za mama na kokoto chini ya matairi, basi.

"Yoramu," mama akaniita kutoka kiti cha nyuma. "Mguu wako wa kushoto unafanya nini?"

"Haufanyi kitu, mama. Gari hili haliuhitaji."

"Kumbe. Limekufanya kilema na wewe unafurahi."

Tukacheka wote wawili. Namkumbuka hivyo, amejifunga kitenge kichwani, viazi vya kuchemsha mapajani, uso ameuelekeza dirishani kana kwamba anaona.

Kabla barabara haijaanza kuteremka kuelekea mto Songwe, palikuwa na rundo la mawe kando ya njia. Kila dereva wa zamani alilijua. Aliyefika pale alisimama, akazima injini, akaokota jiwe popote, akaliweka juu ya rundo, akasubiri kidogo, ndipo akashuka mteremko. Walisema dereva mmoja alipotea pale na lori la kahawa, miaka ya nyuma sana, na kwamba hajui kuwa amekufa. Bado anatafuta usukani. Jiwe lilikuwa la kumwarifu kwamba gari hili lina dereva, asijisumbue.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilisema desturi ile ilianzishwa na mtu mwenye akili aliyetaka madereva wapumzishe breki na kuchagua gia ndogo kabla ya mteremko, akawatisha ili watii. Hata leo naamini hivyo. Lakini maelezo yalinifanya nijione nimesamehewa kutii.

"Tumefika kwenye mawe?" mama aliuliza.

"Tumefika."

"Simama, baba. Weka jiwe."

"Mama, ni mawe tu."

"Basi kama ni mawe tu, moja zaidi litakuumiza nini?"

Nikasimama. Nikazima injini. Kijiti nikakiacha mahali pa kwenda mbele, kama nilivyoacha gia ya kwanza kwenye lori siku zote. Nikashuka, mlango nikauacha wazi. Breki ya mkono ilikuwepo, nzima, nzuri, na sikuigusa, kwa sababu mkono wangu haukuwahi kuzoea kuigusa.

Nikakanyaga majani yaliyolowa mpaka kwenye rundo. Na hapo, mwanangu, nilifanya jambo ambalo sijalisimulia kwa watu wengi. Sikuweka jiwe. Nilikuwa nimeudhika kuamrishwa na hadithi, nikataka kujithibitishia kwamba hakuna kitu. Nikainama, nikachukua jiwe kutoka kwenye rundo, la juu kabisa. Lilikuwa na baridi kuliko nilivyotazamia. Nikasimama nalo mkononi, nikisubiri lolote litokee, na halikutokea. Hata ndege hakulia. Nikatabasamu peke yangu katika ukungu.

Kisha nikasikia kokoto.

Nikageuka. Gari lilikuwa linakwenda. Injini haikunguruma. Liliondoka kama mtu anayetoka chumbani asitake kuamsha waliolala, mlango wangu ukiwa wazi, kiti changu kitupu, na kichwa cha mama kikionekana nyuma kimetulia. Niliita. Sauti yangu haikufika popote. Nikakimbia, nalo likaongeza mwendo, ukungu ukalifunika kuanzia mbele mpaka nyuma, nikabaki nakimbilia sauti ya matairi.

Na ndani ya ukungu nikamsikia mama anaongea. Hakupiga kelele. Alikuwa anazungumza kwa utulivu, anasema kitu, ananyamaza, anasema tena, kama mtu anayepewa majibu.

Kushoto pale ni bonde. Nililijua. Nilikimbia nikihesabu kona, nikijua kwamba kona ya pili haimsamehe mtu. Sauti ya matairi ikakoma. Sikusikia kishindo. Nikazidi kukimbia.

Nililikuta kwenye kona ya pili. Lilikuwa limeingia upande wa kulia, mlimani, limeegemeza pua yake kwenye ukuta wa udongo, sawasawa kabisa, kama lililoegeshwa na mtu aliyezoea. Taa hazikuvunjika. Mama alikuwa anamenya kiazi.

Alisikia hatua zangu, akageuza uso.

"Mbona umeshuka tena?" akauliza.

Nilishika paa la gari. Nilimwambia nataka kuangalia tairi.

"Haya. Lakini ingia upate joto. Nimekugusa bega sasa hivi, limelowa chapachapa. Na unahema kama umepanda mlima kwa miguu."

Mwanangu, niliyafanyia kazi maneno yale maisha yangu yote, na nitakupa nilichopata. Gari la aina ile, injini ikizimwa, hakuna kinacholishika. Kinachounganisha injini na magurudumu ni mafuta ya ndani ya gia, si petroli, yanayosukumwa na injini yenyewe. Injini ikilala, mafuta nayo yanalala, na gari linakuwa kama mkokoteni. Gia niliyoiamini haikuwepo. Matairi ya mbele yalikuwa yamekaa kwenye kijimfereji, mama akajisogeza kitini, likatoka. Huo ndio ukweli, na fundi yeyote atakwambia hivyo. Kuhusu bega, mlango ulikuwa wazi, ukungu uliingia, huenda aligusa ngozi ya kiti. Kuhusu kuhema, mimi nilikuwa nakimbia nyuma, huenda alinisikia. Usukani nao huenda niliuacha umekatwa kidogo kuelekea mlimani.

Huenda. Lakini nakumbuka nilisimama sawa, katikati ya njia, na barabara ile ina kona moja ya kushoto kabla ya ile ya kulia. Na nilikuwa mbali sana nyuma asinisikie nikihema. Sikuongezei kitu hapo. Nakuachia kama nilivyoachiwa.

Jiwe nilikuwa bado nalo mkononi. Nilipanda tena mpaka juu kulirudisha, mama nikiwa nimemshusha na kumkalisha kwenye ukingo wa barabara, akilalamika kwamba namchelewesha. Nililiweka pale pale nilipolitoa.

Niliporudi Tunduma nilimweleza baba mkubwa kila kitu, pamoja na la jiwe. Nilidhani atanicheka au atanipiga. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza jambo moja tu: "Mama yako unamwambia lini?"

Nikasema nitamwambia akipona macho. Daktari wa Mbeya alimponya jicho moja, akaanza kuona sura za watu, na furaha ile niliona ni vibaya kuiharibu. Nikasema mwaka ujao. Ukaja mwaka mwingine. Mama aliishi miaka mingi, akawasimulia majirani safari ile, na kila mara alimalizia kwa namna moja: "Yoramu aliendesha vizuri mara moja tu maishani mwake, pale kwenye mteremko wa Songwe. Hakubishana nami hata kidogo. Kila nilichosema alisema ndiyo." Watu walicheka. Mimi nilikaa pale, nikanywa chai. Alikufa bila kujua kwamba mwanawe hakuwemo garini.

Nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Hodari wa chombo kimoja asidhani amekuwa hodari wa kingine kwa kuwa vyote vina usukani. Mkono wako unabeba mazoea ya zamani na hautakuomba ruhusa, kwa hiyo uwe unaukagua. Gari lako likiwa la gia au la kujiendea, vuta breki ya mkono, kila mara, hata uwanjani pangu palipo tambarare. Mtu mzima akikuuliza swali usilo na jibu lake, usimtabasamie. Sema hujui, kisha ukatafute. Endelea kuhoji desturi, sikukatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Ila hoji ukiwa peke yako, wakati hakuna mtu aliyekuamini amekaa ndani. Na ukikosea, mwambie uliyemkosea angali anaweza kukukasirikia. Hasira ya mama yangu ningeibeba. Sifa zake ndizo zilizonilemea.

Mungu akujalie akili ya kuuliza na subira ya kungoja jibu. Barabara zikupokee vema, za lami na za vumbi, na wote watakaokaa nyuma yako uwafikishe wakiwa wazima. Sasa nenda, mwanangu, kabla ukungu haujashuka.