Koti Lisilo na Mgongo

Mke wangu hatoki jasho mgongoni. Naanza na hilo nisije nikalisahau, maana mimi nikianzia mgongoni naweza kuishia kwenye ng'ombe, na darasa la tatu nililoachia halikunifundisha kupanga maneno.

Aliungua akiwa msichana mdogo. Kwetu Gesima asubuhi ni baridi, na watoto huota moto kwa kuupa mgongo huku wanaangalia mlangoni. Gauni likashika moto kwa nyuma. Akapona, akabaki na kovu kuanzia shingoni hadi mapajani, na mikono mpaka viwiko. Nilipomwoa nililizoea kovu lile kama nilivyokizoea kilima cha mbele ya nyumba: liko tu. Akioga maji baridi, kifua kinasimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa, na mgongo unabaki laini kama meza. Sikuuliza. Shambani, akina mama wengine wanachuma majani chai wakiwa wamejifunga nailoni kwa ajili ya umande, yeye jua likichomoza tu anaivua, bora alowe. Walimwita mbishi. Ni mbishi kweli, ila si kwa hilo.

Anachopenda duniani ni kwaya ya akina mama kanisani. Yeye ndiye huanzisha wimbo, wenzake wanapokea. Mwaka jana walishona sare mpya, koti la buluu la mikono mirefu, kitambaa cha kung'aa kutoka Kisii mjini. Kitambaa hicho hakipitishi upepo hata ukipuliza kwa mdomo. Nilijaribu.

Ikafika wiki ya makambi, mikutano mikubwa ya kanisa letu ya kila mwaka. Tunakaa uwanjani mchana kutwa chini ya turubai, na turubai likipigwa jua linageuka sufuria yenye kifuniko. Katikati ya wimbo mke wangu akanyamaza, akaanguka. Mmoja akasema presha, mwingine akasema hajala. Uso ulikuwa unawaka. Tukambeba mpaka zahanati iliyo jirani.

Daktari wa pale, kijana mpole, alimvua koti kwanza kabla ya kuuliza jina. Akapitisha mkono tumboni, ukatoka umelowa. Akapitisha mgongoni, mkavu kama jani la mgomba lililokauka. Akaanza kumpangusa kwa kitambaa cha maji huku mimi nikipepea kwa kofia yangu. Alipofungua macho vizuri, daktari akatueleza.

Mwili ukipata joto, alisema, damu husogea karibu na ngozi, na vitundu vidogo vya ngozi hutoa jasho. Jasho likikauka huondoka na joto. Moto ulivila vile vitundu vya mgongoni. Kovu liliziba kidonda, lakini halikurudisha jasho. "Mama, mbele yako inafanya kazi ya mbele na ya nyuma," akasema. "Ukiifunika yote kwa koti kama hili, joto halina pa kutokea."

Mimi nikamwambia nina mbwa anayehemea ulimi nje kukiwa na jua. Daktari akasema ndiyo, mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipooza kwa ulimi.

"Kwa hiyo daktari unataka niimbe nimetoa ulimi?" mke wangu akauliza, bado amelala chali.

Hapo nikajua amepona.

Aliambiwa akae kivulini, anywe maji, na jua likiwa kali ajimwagie maji mgongoni, yawe badala ya jasho. Sawa. Lakini makambi ya mwaka huu yalipokaribia, kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye roho nzuri na sauti ya kuamrisha.

"Omong'ina," alimwita, ndivyo tunavyomheshimu mama mzee, "mwaka huu utakaa na wageni, utuombee."

"Nani ataanzisha wimbo?"

"Tutajaribu."

"Mtajaribu mpaka watu waende kula. Niacheni niimbe bila koti."

"Sare ni sare. Mmoja akivua, kesho wote watavua."

Alipoondoka, mke wangu hakula chakula. Alikaa na koti magotini, akiligeuza mbele na nyuma. Mimi nilimwambia apumzike tu, umri umeenda. Kesho yake akalibeba kwa fundi, akarudi nalo limekunjwa, asinionyeshe.

Siku yenyewe, nyuma ya turubai, akaniita na jagi la maji. Akageuka. Koti lilikuwa na kola, mikono na vifungo, lakini mgongo mzima ulikuwa umekatwa, na mikono imepasuliwa kwa nyuma mpaka viwiko. Ndani alivaa blauzi nyepesi ya pamba. "Mwaga," akasema. Nikamwaga. Blauzi ikagandamana na kovu.

Shida ni kwamba kwaya yetu huingia kwa kupita katikati ya watu. Kila safu aliyoipita ilimwona mgongo. Watoto wakacheka, bibi mmoja akasema maskini ameishiwa kitambaa. Kiongozi akageuka.

"Nani amekata koti la kwaya?" Alinong'ona, lakini mnong'ono wake hufika barabarani.

"Mbele ni ya kwaya," mke wangu akamjibu. "Nyuma ni yangu."

Akaanzisha wimbo papo hapo, kabla hajajibiwa. Wenzake wangefanya nini? Wakapokea. Waliimba nyimbo zote, na kila walipopumzika nilimsubiri nyuma na jagi. Upepo mdogo ulipopita chini ya turubai nilimwona akinyoosha mabega, kama mtu aliyevua mzigo.

Walipomaliza, kiongozi alimfuata nyuma ya turubai. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, koti lake limemshika kwapani. Nilidhani anakuja kugomba. Akaweka kiganja mgongoni mwa mke wangu, akakiacha hapo kwa muda.

"Wewe uko baridi hivi?"

"Ni maji na upepo. Si nilikuambia niimbe bila koti?"

Kiongozi akanitazama mimi na jagi langu, akatazama kama watu wako mbali.

"Kesho utaanzisha wewe tena," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Omong'ina, fundi wako anakaa wapi?"