Mama Mkwe Hakuonja Pombe Yake

Juzi bomani Iringa, kwenye dirisha la vibali vya pombe, karani alimrudishia mama mkwe wangu kibuyu cha pombe tuliyoileta ikaguliwe. "Onja kwanza, mama. Mpishi ndiye huanza."

Mama mkwe, aliyeipika mwenyewe pombe hii ya ukoo wetu, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Nimeokoka, baba. Mkamwana ataonja."

Ameokoka tangu lini? Nami nanyonyesha, lakini ningefanyaje, bila kibali kilabu chetu kingefungwa, nikanywa. Foleni nzima ikanikodolea macho. Karani alipoona bado nimesimama, ndipo akagonga muhuri.

Njiani mama mkwe akaninong'oneza, "Mwanangu, tumbo liko salama?"

Wasomaji wangu, siku hizi nyumbani hata uji namwachia yeye aanze.