Turbo kubwa ilivyovunja uchumba wangu kwenye mlima wa Mbamba Bay

Wakuu, habari za majukumu. Dada zangu wachache mliomo humu, nawasalimu mara mbili.

Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, siyo chai. Mbinga kwanza tunakunywa kahawa.

Mimi ni afisa kilimo, mtu wa Singida, serikali ikaona nafaa kuzunguka kwa wakulima wa kahawa huku Umatengo. Nina gari ya Kijapani, injini ya lita mbili yenye turbo, ile feni ya kuisukumia hewa. Mwaka jana ile turbo ikazeeka: moshi wa bluu nyuma, filimbi mbele, na mlima inapanda kwa kunihurumia tu.

Ikabidi nichague nyingine.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, nimwite Gervas. Mwalimu, mzaliwa wa Namswea. Tulijuana kwa sababu magari yetu yalikuwa pacha, yake nyeupe, yangu ya bluu. Mwanaume mpole, mcheshi, mwenye kasoro moja ndogo: anajua kila kitu.

Nikamwambia nimeona turbo iliyozidi kidogo ile ya kiwandani. Inakaa palepale pa zamani na inaamka mapema, injini ikiwa bado inazunguka taratibu. Mimi nashinda kwenye vilima na udongo mwekundu, gia ya pili na ya tatu. Nataka nguvu za chini, siyo spidi ya ndege.

Akacheka kile kicheko cha kumwonea mtu huruma.

"Hiyo ni turbo ya kwendea sokoni. Mambo haya niachie mimi."

Akaagiza dude kama sufuria la msibani. Mpaka liamke, rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, zimeshapita elfu nne na nusu. Kwa barabara zetu hizi, ambako kila kona ina mbuzi wake, bila shaka hicho ndicho nilichokuwa nimekikosa maishani.

Nikalikataa. Nikaenda Songea kwa fundi, nikafunga ile ndogo yangu, akaityuni, maisha yakaendelea. Gervas akanuna, kisha akalifunga dude kwenye gari yake.

Ili nijionee.

Nikajionea.

Jumapili moja baada ya misa alikuwa anampeleka mama yake Mbamba Bay, kumwona mdogo wake mama aliyekuwa anaumwa. Akaniomba na mimi nije na gari yangu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukutana na mama huyo, na mimi Mwislamu wa kutoka mbali natakiwa nipendwe na familia ya Kikatoliki. Roho mkononi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Basi, akaingia kwenye gari ya mwanawe.

Kwenye kushuka kwenda ziwani, jamani, turbo kubwa ni tamu. Hata gari isiyo na injini ingeshuka vilevile.

Mgonjwa tulimkuta anaendelea vizuri, kakaa nje. Tukala mbasa, samaki wa ziwa lile, tukaaga. Mvua ikaanza, na sisi tukaanza kupanda.

Gervas mbele, mimi nyuma. Kona ya kwanza, gari yake ikalala. Bodaboda yenye abiria wawili na jogoo ikatupita. Jogoo alitugeukia kabisa.

Kwa hasira Gervas akashuka gia, akakanyaga. Injini ikalia mpaka watu wakatoka majumbani. Katikati ya kona, dude likaamka. Nguvu zote zikaja kwa mpigo, tairi zikateleza kwenye maji, nyuma ya gari ikaenda upande wa bonde.

Hapo wakuu mzaha uliniisha. Niliona kichwa cha yule mama kinavyorushwa huku na huku, nikapiga kelele peke yangu.

Gari ikasimama, tairi moja imekanyaga ukingo wa mtaro. Mlango ukafunguka. Mama akatoka na kikapu chake cha dagaa, akatembea kwenye mvua kuja kwangu, hageuki nyuma.

Gervas akamkimbilia. "Mama, rudi! Sasa hivi imeshachangamka!"

"Changamka nayo," mama akamjibu, akaingia kwangu, akafunga mlango.

Tukapanda taratibu, gia ya tatu. Mama kakumbatia kikapu chake. Baada ya muda akaniuliza:

"Hicho kinachovuta gari yako, alikuchagulia nani?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Akakiweka kikapu chini miguuni.

"Huyu mtoto hata mashati ya marehemu baba yake alikuwa anamchagulia. Mwambie hapana mapema, mwanangu. Mimi nilichelewa."

Wiki iliyofuata Gervas akaja kuniomba radhi. Alisema aliogopa siku ile kuliko hata mama yake, na macho yake yalionyesha. Nikalainika, machozi yakanilenga.

Kisha akafungua buti.

Ameniagizia rimu kubwa zenye tairi nyembamba. Zawadi ya kupatana. Za kuendea Liparamba, kwenye mawe, kwa wakulima.

Hata rangi hakuuliza.

Niliachana naye palepale uani. Sijifanyi kwamba haikuniuma, nilimpenda yule mtu.

Nilichojifunza: turbo inachaguliwa kwa barabara unayopita na gia unayoshinda nayo. Kelele ni za majirani. Na anayeshika usukani ndiye mwenye neno la mwisho, hata kama mchumba wake ni bingwa wa kuagiza.

Wenye masufuria yenu, njooni mtoe povu, nawasubiri. Na kama humu kuna mkuu mwenye tabia ya kuuliza kabla ya kununua, PM iko wazi.