Dawa ya Mama Mkwe na Kipimo Changu cha Ini

Admin, nifichie jina, maana huku Mikumi tunajuana mpaka vikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nimeolewa, nina mtoto mmoja, nauza chakula kwa madereva wa malori. Hapa naandika huku wali unaungua, akili haitulii hata kidogo.

Mwaka juzi wifi yangu alitakiwa kufanyiwa upasuaji, tukaambiwa ndugu tujitolee damu. Nikawa wa kwanza. Damu yangu ilipopimwa ikakataliwa, nikaambiwa nina homa ya ini B. Nililia nikijua nimekwisha. Mume wangu na mtoto walipimwa, hawana, wakachanjwa. Mimi daktari akanieleza taratibu: "Virusi unavyo, ila ni vichache na ini lako halijaumia. Kwa sasa huhitaji dawa. Uwe unakuja kupima tu."

Mama mkwe wangu anaishi Kidete, ni mama wa kanisani, na tangu nilipotaka kumtolea mwanawe damu ananipenda kupita kiasi. Kusikia sijapewa dawa kulimnyima raha.

"Mwanangu, ugonjwa gani huo unapimwa halafu unaambiwa nenda nyumbani? Hao wamekukatia tamaa, wanaogopa kukwambia."

Akapanda mlimani mwenyewe na magoti yake mabovu, akachimba mizizi, akachemsha, akaniletea dumu. Chungu hiyo dawa, sijapata kuona. Ikawa kila likiisha anatuma lingine. Nilikunywa, ningemkataliaje mtu kama huyo?

Nilivyorudi kupima Kilosa, daktari aliangalia majibu, akaniangalia mimi, akauliza, "Dada, unakunywa nini?" Nikamwambia. Akasema virusi havijaongezeka, lakini kipimo cha ini kimepanda sana na anashuku hiyo mizizi. Akaniambia niache siku hiyohiyo, nirudi kupima tena.

Mume wangu akasema, "Acha kunywa, lakini mama usimwambie. Utamvunja moyo." Basi tukawa tunapokea dumu na kumwaga. Mama akipiga simu namjibu, "Nakunywa mama, Mungu akubariki." Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi sikuyaficha, nimeficha dawa.

Juzi nimepima tena, kipimo kimeshuka. Kwa furaha nikampigia mama kumwambia ini liko vizuri. Laiti ningefunga mdomo. Kumbe kwenye kwaya yao kuna dada ana ugonjwa huuhuu, ila yeye ini lake limeshaanza kuharibika na anameza vidonge vya hospitali kila siku. Leo asubuhi mama kanipigia, furaha tele.

"Nimemwambia aachane na vidonge aanze dawa yangu, lakini anasita. Nimempa namba yako, umweleze ulivyopona. Wewe ndiye shahidi wangu."

Nikitamka ukweli, kanisa zima litajua mama alikuwa ananiumiza, na yeye hajanikosea kitu, alinipenda tu. Mume wangu anasema nizime simu, yatapita. Nimemkasirikia sana kwa hilo, kwa sababu hayatapita. Huyo dada akiacha vidonge anaweza kufa, na atakuwa amekufa kwa kuniamini mimi. Nimezunguka jikoni tangu asubuhi, naweka sufuria, natoa sufuria, wateja wananishangaa.

Namba ngeni imeita mara kadhaa, sijapokea. Sasa hivi umeingia ujumbe: "Bwana asifiwe dada. Ni mimi wa kwaya, nimeelekezwa na mama. Vidonge vya leo sijameza, nasubiri neno lako."

Ndugu zangu, nishaurini upesi. Huyu nimjibu nini, na mama nimwambieje?