Kalemie, na Fasi ya Kulala

Programu ya matembezi yangu ilifika toka Kalemie ndani ya telefone, kwa sauti ya binti yangu, na nyuma ya sauti nilisikia mutoto analia. Ni mujukuu ambaye nilikuwa sijamuona bado. Siku ya kwanza nitapumuzika, juu kusafiri na bato ku ziwa kunachokesha. Ya pili bwana yake atanionyesha gare ya zamani ya treni na bandari, na zile nyumba za matofali ambazo Wazungu walijenga mbele ya ziwa Tanganyika wakaziacha. Ya tatu tutapanda kilima chenye muzinga wa vita vya kizamani. Ya ine misa, kisha bato ya kurudi.

"Amepanga yote mwenyewe," binti akasema. "Ni muji wa babu yake, anataka uujue jiwe kwa jiwe. Na chumba chako kiko tayari, Mama. Amenunua matela mupya ya kitanda, amefunga na mustikere, juu mbu za huku haziogope mutu."

Nilimujibu palepale, sikuzunguka. "Gare nitaiona. Muzinga nitauona. Lakini kwa mukwe silali. Nitafutie fasi kwa masista."

Telefone ikakata. Nikazani ni rezo.

Haikuwa kiburi. Mama yangu mwenyewe hakulala kwangu, na alikaa ngambo ya shamba la ndizi tu. Alikuja na kikapo yake, akakaa inje, akakunywa maji, akarudi. Kama bwana yangu anatokea njiani, mama anaingia katikati ya migomba mpaka apite. Ni heshima. Kwetu, mukwe anafungua mulango kwanza: anamupa mamukwe kikwembe cha kujifunga, na mama mukubwa wa upande wake, mwanamuke yeyote muzee wa jamaa, anamushika mukono, anamuingiza. Mbele ya hapo, mwanamuke mwenye akili haweke kichwa chini ya paa ya mukwe. Binti yangu alikomalia mujini toka mudogo, anasema vitu hivyo vilikwisha na wazee. Na bwana yake ni mutu wa kule kusini, mekanisia wa reli. Desturi ya milima yetu ataijulia wapi?

Binti akapiga tena, sauti imevimba.

"Mama, ametoa mustikere. Ameikunja, ameiweka juu ya kabati. Anasema: mama yako ananizarau, nyumba yangu haimufae."

"Nani amesema zarau?"

"Mama, huyu mutu alifiwa na mama yake akiwa mudogo. Alishaambia watu wote ku kazi: mama yangu anakuja. Kama ni kulala kwa masista, afazali usikuje."

Afazali usikuje. Mutoto niliyemubeba mugongoni nikipanda naye milima na mandizi kichwani.

Kumueleza mukwe mimi mwenyewe, hiyo haiwezekane. Mamukwe anayesema "nipe kikwembe" ni mamukwe anayeombaomba. Kazi hiyo ni ya shangazi. Kwa hiyo asubui nikapanda Kadutu, huku kwetu Bukavu, kwa mulamu yangu, dada ya marehemu bwana yangu, ambaye anauzisha ndagala, zile samaki ndogo za ziwa, ku soko na mudomo yake inajulikana mpaka chini ku barabara.

"Mulamu! Umekuja kununua ao kulia?"

"Kulia nitalia kwangu. Nina shida ya mukwe."

"Anapiga mutoto wetu?"

"Hapana."

"Anakunywa?"

"Hapana. Amenunua matela."

Akaacha kupima ndagala. "Eee, hiyo kweli ni shida," akasema, na wamama wa meza za pembeni wakaanza kucheka mbele wajue ni juu ya nini. Nikamueleza yote. Akanitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu.

"Kwa hiyo utashuka zile kona za mulima Ngomo, utapanda bato, utatapika ziwa nzima, kisha ulale kwa masista kama askofu?"

"Nitalala kwa masista ao sitaenda."

"Na kichwa hii ndiyo kaka yangu alitolea ngombe! Leta telefone."

Akaiweka ku sauti ya juu, soko yote isikie. Mimi nikasogea nyuma ya mifuko, juu haifai mamukwe asikilize maneno kama hayo. Lakini sikio halina pazia.

"Mukwe! Ni shangazi. Nani amekuambia unazarauliwa? Mwenye kukuzarau angelala kwako, angekula, angeenda zake. Huyu anakuheshimu mpaka anakosa usingizi." Akamueleza kikwembe, akamueleza mukono wa mama mukubwa.

Kisha sauti ya mwanaume, ndogo sana: "Ni hiyo tu, Shangazi?"

"Ni hiyo."

"Nilizani ni juu ya nyumba. Paa inavuja kidogo upande wa jikoni."

"Nani amekuuliza paa? Mama mukubwa unaye?"

"Dada ya baba yuko."

"Basi. Na kingine, sikiliza vizuri." Hapo mulamu yangu akanigeuzia mugongo, pikipiki mbili zikapita na kelele, sikupata mwisho.

Wakati ule njia ya Uvira ilikuwa inapitika. Nilifunga maharagi, unga, na bidon ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa dada ya baba ya mukwe, juu mutu haendi kwa watu mikono mitupu. Kule Luvungi, chini ya milima, joto lilinikuta na sweta yangu ya Bukavu mwilini, nikakataa kuivua mbele ya shofere. Bato ya kutoka Uvira sitaieleza. Mulamu yangu alisema kweli juu ya kutapika.

Ku bandari ya Kalemie niliona kwanza binti yangu, kisha mutoto, kisha mwanaume murefu mwenye mwavuli anayetupatia mugongo.

"Karibu sana, Maman," mugongo ukasema.

Dada ya baba yake alinipokea mulangoni na kikwembe cha ndege za manjano, karatasi ya duka ingali juu yake. Akanifunga, akanishika mukono, nikaingia. Chumbani mustikere ilikuwa imefungwa tena, imevutwa sawasawa kama kitanda cha mugonjwa wa maana. Niliweka valizi yangu ya nguo chini. Binti yangu alilia, nikamuambia aache, atamuamusha mutoto.

Kesho yake tukaenda kuona muji. Mukwe mbele na mwavuli, sisi nyuma. Ku gare alieleza ukuta: hapa babu yangu alipakia mizigo, hapa alilala wakati treni zinachelewa. Mwanamuke mwenye kuuzisha mikate akamuuliza:

"Papa, unaongea na nani?"

"Na mamukwe yangu."

"Yuko wapi?"

"Nyuma."

Hapo nikaelewa kile mulamu alimuongezea ku telefone. Kwetu mukwe anainamisha macho, ndiyo. Lakini kutembea kama mutu anayefukuzwa, hiyo hata babu zetu hawakufanya. Nikamupigia mulamu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Anafanya kweli? Hakuangalie kabisa? Ulishamuambia ni masihara?"

"Bado."

Na sikumuambia siku ile. Nilitaka mimi pia nifurahi kidogo. Na tena, kwa mugongo aliongea vizuri. Mutu mwenye haya, ukimukazia macho, maneno yanamukauka. Huyu alieleza ukuta yote niliyotaka kujua: mama yake, paa, namna binti yangu alivyoogopa kuzaa mbali na mimi.

Siku ya muzinga, tukishuka, alitupitisha fasi muto Lukuga inatoka ziwani.

"Haya maji ni ya kwenu, Maman," akaambia muto. "Yanatoka ziwa yenu kule Bukavu, yanafuata Ruzizi, yanaingia huku kwetu. Na hakuna mutu aliyeyauliza yatalala kwa nani."

"Maji hayana mukwe," nikasema.

Mabega yake yakatikisika. Hivyo ndivyo nilijua anacheka.

Nilikula kwake, nililala kwake, na upande wa jikoni paa inavuja kweli. Ku bandari, siku ya kurudi, alishusha valizi yangu akasimama, macho ku ziwa.

"Maman, utarudia huku?"

"Geuka kwanza."

"Shangazi alisema..."

"Shangazi anauzisha ndagala na uongo, kwa meza moja. Geuka."

Akageuka polepole. Mutoto amechukua masikio yake, maskini, na macho yake pia. Tulitazamana, halafu kila mutu akainamisha macho kidogo, vile inafaa.

"Nitarudia," nikamuambia. "Mustikere, usiitoe."