Shahidi wa Daktari Tahadhari

Mtaani walimwita Daktari Tahadhari, na hakuna aliyempa jina hilo kwa heshima. Alikuwa na zahanati ya vyumba vitatu juu ya duka la rangi, wafanyakazi wasiojaza benchi moja, na hofu ya kuitosha hospitali nzima ya rufaa. Magonjwa hayakumtisha, alichokiogopa ni kushtakiwa na watu aliowaajiri mwenyewe. Hofu hiyo ilimwingia siku daktari wa meno wa jirani alipoburutwa ofisi ya kazi na mpokea wageni wake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, walisema wahenga. Yeye hakutia maji, alijitumbukiza kisimani.

Alimwendea shemeji yake, aliyewahi kuwa tarishi wa mahakama na tangu hapo akajihesabu mwanasheria.

"Dawa yake ni moja, shemeji," alisema huyo bingwa. "Usiseme na mfanyakazi pasipo shahidi. Hata salamu."

"Hata salamu?"

"Hasa salamu! Leo umemjibu 'salama', kesho atadai ulimwahidi usalama."

Mtu mwenye akili timamu angeandika mikataba inayoeleweka, akawapa watu haki zao, akalala usingizi wake. Daktari aliiona njia hiyo kuwa ndefu. Akamleta shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu utotoni, akamketisha kando ya mizani na sindano zake za kufumia. Shahidi wa damu moja, alijiambia, hawezi kunigeuka. Basi muuguzi alipouliza bandeji zimewekwa wapi, daktari alimtazama shangazi kwanza, akakohoa, ndipo akajibu.

Muuguzi huyo alikuwapo tangu mlango wa zahanati ulipofunguliwa, na kumshtaki mtu hakukuwahi kumpitia akilini. Lakini tumbo lake lilipoanza kuonekana, daktari hakuona mtoto, aliona kesi. Akamwita ndani.

"Dada, unachelewa mno kazini. Sikuhitaji tena."

"Nimechelewa lini, Daktari? Juzi ulinituma mwenyewe maabara, nipeleke damu za wagonjwa."

"Usinibishie! Mimi sitangoja mpaka unidai likizo ya uzazi, kisha unifikishe kwa wakubwa."

Akageuka pembeni kwa fahari. "Shangazi, umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia, mwanangu. Neno kwa neno."

Hivyo ndivyo alivyojipalia makaa. Mwanamke ambaye asingemshtaki kamwe akaenda ofisi ya kazi, kwa kuwa sasa alikuwa na la kushtakia. Msuluhishi wa ofisi hiyo akiamini hadithi ya kuchelewa, zahanati ingepona. Asipoiamini, daktari angemrudisha muuguzi, ama angelipa fidia ambayo vyumba vile vitatu visingeweza kuibeba. Daktari aliingia humo na shangazi yake, akitabasamu, kama mtu aliyekwisha kushinda. Si ana shahidi?

Msuluhishi, mama wa makamo mwenye miwani, alimgeukia shangazi. "Bibi, huyu dada alifukuzwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ana mimba," alijibu shangazi, macho yakiwa kwenye uzi wake.

"Shangazi!"

"Si ulisema hutangoja likizo ya uzazi? Au nimeongeza chumvi?"

"Mimi nilidhani unafuma!"

"Nafuma kwa mikono, mwanangu. Masikio hayakuwa na shughuli."

Hata karani wa pale, mtu wa uso mkavu, aliinamisha kichwa chini ya meza ili acheke. Uamuzi haukuchukua muda: muuguzi arudi kazini, na likizo yake aipate itakapofika.

"Nilikuleta unilinde!" daktari alifoka walipofika kwenye ngazi.

"Uliniambia nishuhudie. Ungetaka nilale, ungenipa mto." Kisha bibi akamwita muuguzi, akamkabidhi alichokuwa akikifuma siku zote hizo kando ya mizani: kofia ndogo ya mtoto.

Kesho yake daktari aliamka na hasira zake zote, ameazimia kumrudisha shangazi nyumbani. Alifika, akamkuta kitini pake. Akatoka hadi chumba cha sindano.

"Dada," alimwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "njoo mara moja. Nina neno na shangazi, na sitaki kusema naye pasipo shahidi."