Fanya na Maziwa

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana kutoka Uvira, aliyeingia Bujumbura kwa njia ya Gatumba wakati wa vurugu za Kongo. Sheria ya shule yetu ya wasichana ilikuwa masomo yote yawe kwa Kifaransa, naye kila siku alianza kwa Kifaransa kama mtu mwaminifu. Ila akishaona hakuna aliyeelewa, alifunga mlango, akachungulia dirishani asije sista mkuu akawa anapita, kisha akatueleza mambo yaleyale kwa Kiswahili. Fizikia yote niliyoielewa mwaka ule niliielewa mlango ukiwa umefungwa.

Alitufundisha kwamba nguvu yenyewe haionekani, kinachoonekana ni kazi yake. Kitu kilichotulia kinaondoka, kinachokwenda kinasimama, chuma kinapinda, mpira unabonyea. Hayo hayakunishangaza, hata mtoto anayesukuma mlango anayajua. Lakini siku moja alisema nguvu inaweza pia kukigeuza kitu njia, kikazunguka bila kuanguka, nasi tukambishia. Akatutoa nje, akatia maji ndoo nusu, akaizungusha kwa mkono mmoja. Ndoo ikapita juu ya kichwa chake mdomo ukitazama chini, ikarudi, ikapita tena, na shati lake jeupe likabaki kavu. Alikuwa na mashati mawili tu, kwa hiyo tulijua anaamini anachokisema.

"Maji inataka kwenda mbele, moja kwa moja," alituambia. "Ndoo inaikatalia, inaigeuza. Mukizungusha kwa nguvu, haipate nafasi ya kuanguka. Mukiogopa, mukienda polepole, itawalowesha."

Likizo ya Pasaka ikafika, nikarudi nyumbani Ngagara, nikaanza kujifunza uani. Mara ya kwanza niliogopa, nikalowa kama nilivyoahidiwa, na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amejifungua majuzi na hakutakiwa kucheka sana. Nikarudia hadi nikaweza.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ameteremka kutoka mlimani kumtunza mama na mtoto mchanga. Alikijua Kiswahili kwa sababu ujanani aliishi mjini, babu alipokuwa akibeba mizigo bandarini. Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Huko juu Bibi alibaki na ng'ombe, ambao kwa siku hizo aliwaachia jirani, mmoja tu akitoa maziwa, na hakuna mtu wa kuamka naye asubuhi. Alitutazama siku mbili tatu, kisha akasema alichokuja kusema.

"Huyu mutoto mukubwa nitapanda naye. Mi niko peke yangu kule. Kusoma amesoma, inatosha."

Baba alikuwa karani wa serikali, mtu wa kuogopwa ofisini kwake. Mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Alitazama sahani yake akasema, "Tutaona, mama." Katika nyumba yetu "tutaona" ya baba ilikuwa ndiyo kwa yule anayemwogopa, nami hakuwa akiniogopa. Usiku ule nililia nimeuma shuka. Nilimpenda Bibi, sikatai, lakini nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari na nilitaka kuufika wa mwisho. Nilijua pia kwamba msichana akishapanda mlima ule kwenda kukamua, hateremki tena ila kwa kuolewa.

Kesho yake mchana alinikuta uani na ndoo yangu.

"Banakufundisha nini huko shule," akaniuliza, "zaidi ya kuvaa soksi?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata leo. Nikajaza maji, nikasimama mbele yake, nikaizungusha ndoo juu ya kichwa changu mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha nikaiacha ipunguze mwendo kidogokidogo hadi ikatulia. Hakuna tone lililoanguka. Nikamweleza kama mwalimu alivyotueleza, kwamba maji yanataka kwenda moja kwa moja na ndoo inayageuza, na kwamba hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu, kila siku, popote.

Bibi akasikiliza yote. "Maji iko ya bure kwa robine," akasema, akionyesha bomba la uani kwa kidole. "Fanya na maziwa."

Asiyekulia kwetu anaweza kuona ni kitu kidogo. Kwetu maziwa hayamwagwi. Hayarushwi, hayachezewi, hayapitishwi ovyo mbele za watu, na akiyamwaga mtu kwa makusudi ni kama amemtukana ng'ombe aliyeyatoa, naye ng'ombe anaweza kuyakausha. Bibi aliamini hivyo kwa moyo wote, na ng'ombe wa maziwa alikuwa na mmoja. Yale aliyoteremka nayo yalikuwa ya mama, ya kumrudishia damu. Yalikaa kwenye icansi, chombo chembamba cha mti cheusi kwa moshi, chenye kifuniko cha ukindu kilichochongoka. Wala hakukubali yaguse chuma. Alikifunga chombo kwa kitenge, akakisimamisha ndani ya ndoo yangu, akakikaza kisicheze. Kisha akaondoa kifuniko.

Mama akatokea mlangoni na mtoto kifuani. "Apana, mama, tafazali."

Baba naye akatoka, kandambili mguu mmoja. "Mama, maziwa haichezewe!"

"Mwenye kujua hachezi," Bibi akamjibu bila kugeuka. "Amesema ni kila mutu, kila siku. Nataka kuona kama anaamini. Kama haamini, tunapanda kesho."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikashika mkono wa ndoo. Ilikuwa nzito kuliko ile ya maji, au niliona hivyo. Nikajiambia nguvu haijali ni maji au maziwa. Nikajiambia maneno ya mwalimu, kwamba anayeogopa na kwenda polepole ndiye anayelowa. Nikaipeleka ndoo mbele, ikarudi nyuma, mbele tena, ikapanda. Mama akataja jina la Yesu. Nikaivuta kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, nikasikia uzito wake ukipita juu yangu, ukashuka, ukapita tena. Sijui ilizunguka mara ngapi. Najua bega lilianza kuwaka na kwamba kusimamisha ndiko kulikonitisha, kwa sababu mwendo ukipungua ndoo ikiwa juu, yote yananiangukia. Nikangoja iwe chini, nikaacha kuvuta, ikabembea, ikabembea kidogo zaidi, ikatulia.

Bibi akainama juu ya ndoo. Akapitisha kidole kwenye mdomo wa icansi, kwenye kitenge, chini ya ndoo. Akatazama vumbi miguuni pangu, pote kavu. Akarudisha kifuniko, akampa mama chombo chake, akasema, "Kunywa." Mama akanywa akilia.

Mimi nilikuwa tayari nacheka. Nilimtazama baba, baba akamtazama mama yake.

"Nimeona," Bibi akasema. "Haikumwangika. Lakini we ulifunga macho."

Kicheko kikanikauka. Sikuwa na habari kama niliyafumba.

"Kwa maji haukuyafunga. Kwa maziwa uliyafunga. Ndiyo kusema haujajua bado. Unafuata tu maneno ya mwalimu."

"Niliogopa, Bibi."

"Ego," akaitikia, "nimeona uliogopa." Akakiondoa kitenge chake ndani ya ndoo, akakikung'uta ingawa hakikuwa na kitu. Akaanza kukikunja polepole, pembe kwa pembe. Nilidhani anafikiria njia ya kupanda, saa ya kuondoka, nguo za kunifungia. Kumbe sivyo.

"Rudi usome," akaniambia, "mpaka hautayafunga."

Asubuhi ya kufungua shule baba alinipigia viatu rangi, kazi ambayo hakuwahi kunifanyia kabla wala baada ya hapo. Nilifurahi sana, na nikaona aibu kufurahi, maana siku hiyohiyo Bibi alifunga safari yake. Nilimsindikiza hadi mwisho wa barabara ya lami nikiwa na soksi zangu nyeupe. Hapo akanirudisha, akapanda mlima peke yake, icansi tupu kichwani.